Upasuaji wa ameloblastoma na uvimbe mwingine wa taya usio saratani: mwongozo kamili kwa mgonjwa na wanaomuuguza

Uvimbe wa taya usiouma ndio unaochelewesha watu. Mgonjwa anakula, analala, anakwenda shambani au dukani kama kawaida, na kila anayemwona anamwambia ni jino tu, litapoa. Miaka inapita. Anapofika hospitali ya rufaa uso umeshapinda upande mmoja, meno yanacheza, na mfupa ambao ungekatwa kwa sentimita chache sasa inabidi uondolewe kuanzia kidevuni hadi karibu na sikio. Mara nyingi jibu la maabara husema ni ameloblastoma.

Ameloblastoma si saratani. Huota kutokana na mabaki ya chembe zilezile zinazotengeneza jino, na takriban 80% ya wagonjwa huipata kwenye taya la chini, hasa nyuma yanakoota magego. Haina kawaida ya kusambaa mwilini, ila huula mfupa taratibu, na vijitawi vyake hupenya kwenye mfupa unaoonekana mzima kwa macho na hata kwenye picha. Sifa hiyo ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kilichomo humu: kwa nini kukwangua hakutoshi, kwa nini daktari anaomba kukata mpaka ndani ya mfupa mzima, na kwa nini upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kumponya mgonjwa. Ninawaandikia wagonjwa na ndugu zao kwa sababu maamuzi mazito mengi huwa yameshafanyika nyumbani kabla ya kumwona daktari bingwa.

Picha kwanza, koleo baadaye

Jino likilegea bila kuoza, meno yakianza kuachana, meno bandia yakikataa kukaa sawa, au pengo la jino lililong'olewa likikaa wiki kadhaa bila kufunga, usikubali kung'olewa jino jingine kabla ya kupigwa picha. Picha inayofaa ni OPG, ile ya eksirei inayoonyesha taya zote mbili kwa mara moja. Hospitali isipokuwa na mashine hiyo, hata eksirei ya kawaida ya taya ni bora kuliko kubahatisha. Ameloblastoma kubwa mara nyingi huonekana kama mapovu ya sabuni yaliyobanana ndani ya mfupa, na mizizi ya meno yaliyo jirani huwa imeliwa.

Unaweza kujikagua pia. Nawa mikono, weka kidole cha shahada ndani ya mdomo upande wa ulimi na kidole gumba nje upande wa shavu, kisha shuka ukilipapasa taya la chini kutoka mbele kwenda nyuma. Fanya hivyo pande zote mbili, ulinganishe. Uvimbe wa jino lenye usaha huja kwa siku chache, una joto na maumivu, na hukaa zaidi upande mmoja wa mfupa. Uvimbe ninaouzungumzia ni mgumu, umekuja polepole, na mara nyingi umeupanua mfupa nje na ndani. Ukiwa mkubwa, mfupa hubaki mwembamba kiasi kwamba ukiubonyeza kidogo unabonyea na kutoa mlio mdogo wa kukatika. Usiendelee kubonyeza. Umeshajua la kufanya: nenda hospitali.

Mambo mawili yanataka haraka zaidi. La kwanza ni mdomo wa chini au kidevu kufa ganzi chenyewe, bila kung'olewa jino wala kuumia. Uvimbe usio saratani kwa kawaida husukuma mshipa wa fahamu bila kuuharibu, kwa hiyo ganzi ya namna hiyo ni lazima ichunguzwe kama saratani mpaka ithibitike vinginevyo.

La pili linawahusu watoto, na kwetu Afrika Mashariki ni jambo la kushika sana. Mtoto ambaye taya lake linavimba kwa siku na wiki, meno yanalegea na jicho linaanza kutokeza, huenda ana limfoma ya Burkitt. Imepewa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, na kuieleza mwaka 1958. Uvimbe huu ni saratani, hukua kwa kasi isiyo ya kawaida, na tiba yake ni dawa za kemotherapi, si kisu. Mtoto wa hivyo hatakiwi kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Apelekwe leo.

Kuchanja na kuchoma uvimbe kwa dawa za kienyeji huongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Ngozi ikishatoboka, usaha unaingia, mfupa unaoza, na ile ngozi ambayo daktari angeitumia kufunikia kidonda inakuwa makovu. Kama tayari imefanyika, mwambie daktari bila aibu, kwa sababu inabadilisha mpango wake.

Kinyama: kipimo kisichorukwa

Picha humwambia daktari uvimbe upo wapi na una ukubwa gani. Jina lake hutoka kwenye kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa na kupelekwa maabara ya patholojia. Mara nyingi hufanyika kwa ganzi, ukiwa umekaa kwenye kiti cha meno, kisha unashonwa nyuzi chache na kurudi nyumbani.

Kabla ya kukata, daktari makini huchoma sindano na kuvuta. Maji ya rangi ya majani makavu huashiria kifuko cha kawaida cha jino. Ukitoka uji mzito mweupe, huenda ni keratosisti, aina nyingine ya kifuko cha ndani ya taya. Ikijaa damu nyekundu inayokuja kwa nguvu, husimama hapo hapo, maana huenda ni uvimbe wa mishipa ya damu, na kuukata kitini ni hatari.

Kwenye hospitali nyingi ndugu ndiye anayepewa kichupa akipeleke maabara. Kinyama kinatakiwa kizame chote ndani ya formalini ya 10%. Si spiriti, si maji ya chumvi, si chupa tupu. Hakikisha kichupa kina jina la mgonjwa, namba ya faili na mahali kilipotolewa, na fomu ina maelezo ya picha. Peleka siku hiyohiyo. Kinyama kikiharibika njiani mgonjwa atakatwa tena.

Nasisitiza: mtu akikwambia atauondoa uvimbe wote kwa mara moja bila kipimo cha kinyama, kwa sababu ameshauona kwenye picha, omba rufaa. Uvimbe tofauti hufanana kwenye eksirei, na tiba zake hazifanani hata kidogo.

Jibu limesemaje?

Ukikuta neno ameloblastoma, uliza ni ya aina gani. Ile ya kawaida ndiyo inayopenya kwenye mfupa, na ndiyo inayohitaji kukatwa pamoja na sehemu ya mfupa mzima. Ile ya kifuko kimoja, inayowapata zaidi vijana, huweza kutolewa yote bila kukata taya, mradi chembe zake zimebaki kwenye utando wa ndani. Zikiwa zimeshaingia kwenye ukuta wa kifuko, madaktari wengi huitibu kama ile ya kawaida. Mara nyingine jambo hilo hujulikana baada ya kifuko chote kutolewa na kupimwa, kwa hiyo usishangae ukiambiwa kuna upasuaji wa pili.

Keratosisti pia ina tabia ya kurudi. Hutolewa yote, kisha ukuta wa mfupa unasuguliwa kwa kekee au kupakwa dawa ya kuua chembe zilizobaki. Mtu mwenye keratosisti zaidi ya moja achunguzwe ugonjwa wa kurithi unaoitwa sindromu ya Gorlin.

Vifuko vikubwa, hasa kwa watoto, vinaweza kupunguzwa kabla ya upasuaji. Daktari hutoboa dirisha, anaweka kimrija, na nyumbani mnasafisha kila siku kwa bomba la sindano na maji ya chumvi kwa miezi kadhaa. Kifuko kinasinyaa, mfupa unajijaza, na jino lililokuwa limezama hupata nafasi ya kutoka. Inachosha, lakini inaokoa taya.

Jibu likisema uvimbe wa chembe kubwa, kabla ya kisu damu ipimwe kalsiamu na homoni ya paratiroidi. Tezi za paratiroidi, zilizopo shingoni, zikizalisha homoni kupita kiasi huleta uvimbe wa namna hiyohiyo, na hapo kinachotibiwa ni tezi.

Fibrasi displasia, ambapo mfupa hubadilika kuwa mlaini na kunenepa, huwaanza watu wakiwa wadogo na mara nyingi hupunguza kasi wakishakomaa. Kwa hiyo daktari husubiri mpaka mgonjwa amalize kukua, kisha anauchonga mfupa ili uso ukae sawa. Husubiri muda mfupi zaidi kama jicho au pumzi vimeanza kubanwa. Tiba ya mionzi haifai hapa, maana huweza kuugeuza kuwa saratani.

Na wapo wasiotakiwa kukatwa kabisa. Wanawake wenye asili ya Afrika, hasa waliovuka miaka 40, wanaweza kuwa na madoa meupe ndani ya taya pande zote mbili, yanayogunduliwa kwa bahati kwenye eksirei. Hali hiyo huitwa displasia ya simenti na mfupa. Haiumi, haihitaji kinyama, na ukiichokoza au kung'oa meno ovyo inaweza kupata maambukizi ya mfupa yasiyopona upesi. Anayekuandikia upasuaji kwa hilo, tafuta maoni ya pili.

Kukata kiasi gani

Hapa ndipo familia nyingi hugawanyika. Mmoja anasema wakwangue tu, uso wa dada yetu usiharibike. Mwingine anataka iishe. Tafiti za ameloblastoma ya kawaida zinaonyesha kwamba ikikwanguliwa tu hurudi kwa theluthi moja hadi zaidi ya nusu ya wagonjwa. Ikikatwa pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa mzima kila upande, inayorudi ni chini ya mmoja kati ya kumi. Ikirudi, hurudi ikiwa imeshavuka mfupa na kuingia kwenye nyama, na upasuaji wake ni mgumu kuliko ule uliokwepwa. Mimi sisiti: kwa aina ya kawaida, kata ipasavyo mara ya kwanza.

Kukata ipasavyo si lazima kuwe kutoa nusu ya taya. Ukingo wa chini wa taya ukiwa umebaki mzima kwa takriban sentimita 1, daktari anaweza kukata sehemu ya juu na kuuacha ukingo huo ushikilie uso. Ukingo ukiwa umeliwa, kipande kizima cha taya hutolewa. Muulize daktari wako swali hili mkiwa mnaitazama picha pamoja: "Ukingo wa chini utabaki?" Jibu lake litakuambia kama uso utahitaji kujengwa upya.

Uliza pia kuhusu mishipa ya fahamu. Ule unaopita ndani ya taya la chini hukatwa pamoja na mfupa mara nyingi, na mdomo wa chini upande huo unabaki na ganzi. Mgonjwa atajing'ata au kuungua kwa chai bila kujua mpaka azoee. Tawi jingine jembamba, linaloshusha mdomo wa chini, linapita karibu na mkato wa chini ya taya. Likiumia, mdomo hupinda mtu akicheka, na mara nyingi hurudi baada ya miezi.

Taya la juu lina hesabu yake. Mfupa wake ni mwepesi, na uvimbe hauna mbali pa kwenda kabla ya kufika kwenye jicho na chini ya ubongo, kwa hiyo kipimo cha CT, picha inayoonyesha mfupa kwa vipande vyembamba, ni lazima na kukata kwa uhakika ni muhimu zaidi. Kaakaa likitolewa, chakula na sauti hutokea puani. Kinachoziba tundu ni kifaa kama meno bandia chenye kizibo kwa juu. Vipimo vyake vichukuliwe kabla ya upasuaji, ili mgonjwa azinduke kikiwa kimeshawekwa.

Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba ameloblastoma nyingi zina badiliko kwenye jeni iitwayo BRAF, na zipo dawa zinazolilenga. Zimesaidia baadhi ya wagonjwa ambao uvimbe wao haukatiki. Ni ghali, na kwa mgonjwa wa kawaida kisu bado ndicho tiba.

Kuziba pengo la mfupa

Njia inayotumika sana ni bamba la titani, ambalo wagonjwa huliita chuma. Linakunjwa kufuata umbo la taya na kufungwa kwa skrubu kwenye mfupa uliobaki pande mbili. Linashikilia uso vizuri, lakini kulitegemea peke yake kwa miaka mingi ni hatari: huweza kuvunjika kwa kutafuna, au kutokeza kwenye ngozi.

Kwa pengo la upande lisilozidi takriban sentimita 6, kipande cha mfupa wa nyonga hufaa sana. Wengi hukiweka miezi kadhaa baada ya upasuaji wa kwanza, nyama ya ndani ya mdomo ikiwa imeshapona, kwa sababu mate yakigusa mfupa usio na mishipa yake ya damu, utaoza. Jiandae kuchechemea wiki kadhaa.

Pengo likiwa refu, au likivuka kidevu, linahitaji fibula, ule mfupa mwembamba wa nje ya mguu chini ya goti. Daktari David Hidalgo wa New York ndiye aliyeeleza matumizi yake kwa taya mwaka 1989. Unachukuliwa pamoja na mishipa yake ya damu, ambayo huungwa na mishipa ya shingoni chini ya darubini. Vipande vya karibu na goti na kifundo cha mguu vinaachwa, na mgonjwa hutembea kama kawaida kwa sababu uzito wa mwili hubebwa na mfupa mwingine. Ni kazi ya saa nyingi na timu mbili, na haipatikani kila hospitali. Usiahirishe kuondoa uvimbe kwa kusubiri ujenzi bora kabisa. Bamba linaweza kutangulia, na mfupa ukafuata.

Kabla ya kulazwa

Kwa upasuaji mkubwa rufaa ielekee kwenye hospitali yenye daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, uso na taya: Muhimbili kwa Dar es Salaam, Kenyatta kwa Nairobi, Mulago kwa Kampala, na hospitali nyingine za kanda zenye daktari wa fani hiyo. Kama una bima, uliza mapema na kwa maandishi kama bamba na skrubu zimo, maana vifaa ndivyo vinavyokwamisha watu wakiwa wameshalazwa.

Mgonjwa atapimwa wingi wa damu, kundi la damu, sukari, presha, figo na kifua. Ndugu wataombwa kuchangia damu. Nendeni mapema, msisubiri jina litokee kwenye orodha. Sigara iachwe wiki kadhaa kabla. Dawa zote zitajwe, hasa aspirini na nyingine zinazozuia damu kuganda, na za mitishamba pia. Meno yasafishwe na yaliyooza yatibiwe, kwa kuwa kidonda kitakuwa ndani ya mdomo huohuo. Usiku wa kuamkia upasuaji hakuna chakula kwa angalau saa 6. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa mpaka zibaki saa mbili kabla ya upasuaji. Fuata utakavyoambiwa na mtaalamu wa nusu kaputi.

Piga picha ya uso wa mgonjwa akiwa ametulia na akicheka. Daktari ataihitaji kulinganisha.

Wodini, na nyumbani

Uvimbe ukiwa umeziba mdomo, au kidevu kikitolewa, mgonjwa anaweza kurudi na mrija shingoni wa kupumulia. Ukimkuta hivyo usiogope. Misuli ya ulimi imejishika kidevuni, na mfupa huo ukiondoka ulimi unaweza kurudi nyuma na kuziba koo. Mrija hutolewa hali ikitulia. Wakati huo haongei, kwa hiyo mletee daftari na kalamu.

Kama amewekewa fibula, manesi watakuja mara kwa mara usiku na mchana kugusa na kutazama nyama iliyopandikizwa. Ikipauka, ikiwa baridi, au ikigeuka zambarau, waite papo hapo, maana kila saa ina thamani.

Chakula hupitia mpira wa puani kwa takriban siku 10 hadi 14 pale mshono ulipo ndani ya mdomo. Ndugu ndiye mpishi, basi afanye hivi: uji mwepesi wa maziwa wenye siagi ya karanga au yai lililopikwa, uchujwe mara mbili ili usizibe mpira. Mgonjwa aketi, kichwa juu. Thibitisha na nesi kwamba mpira uko tumboni. Pitisha polepole kwa bomba la sindano, kisha suuza mpira kwa maji safi. Abaki amekaa angalau nusu saa. Supu ya mifupa tupu haitoshi. Kidonda kinataka protini, na wagonjwa wengi hukonda hapa kwa sababu wanashiba maji.

Mpira ukitoka huanza vinywaji, kisha vyakula laini kama mtori, maharage yaliyopondwa na samaki asiye na miiba, kwa wiki 6 hivi. Mahindi ya kuchoma na muwa vikae kando. Mdomo usukutuliwe kila baada ya kula kwa dawa aliyopewa au maji ya chumvi ya vuguvugu.

Taya lililokatwa bila kuunganishwa huvutwa kuelekea upande wa pengo. Mgonjwa asimame mbele ya kioo, aweke kiganja kwenye taya, alisukume hadi meno ya juu na ya chini yakutane, kisha afungue na kufunga mdomo akilishikilia hapo. Arudie mara nyingi kwa siku, daktari akisharuhusu. Wanaofanya zoezi hili kwa bidii hutafuna vizuri kuliko wanavyodhani wataweza.

Rudi hospitali bila kusubiri tarehe ukiona damu inayotiririka, homa, usaha au harufu mbaya, chuma kinatokeza, pumzi inakuwa nzito, au mguu mmoja umevimba na kuuma.

Miaka inayofuata

Kinyama kikubwa kilichotolewa nacho hupimwa. Katika kliniki ya kwanza uliza: "Kingo zimekuwa safi?" Zikiwa na chembe za uvimbe, mjadili hatua ya pili mapema.

Zaidi ya nusu ya ameloblastoma zinazorudi hujitokeza ndani ya miaka 5 ya mwanzo, lakini zipo zinazorudi baada ya miaka 10 na zaidi. Eksirei kila miezi 6 hivi miaka ya mwanzo, kisha kila mwaka, kwa angalau miaka 10; madaktari wengi hushauri maisha yote. Mara chache sana huonekana kwenye mapafu, ndiyo maana mara nyingine huombwa picha ya kifua.

Meno mapya ni haki ya mgonjwa. Mfupa uliopandikizwa ukishashika, baada ya miezi kadhaa, vipandikizi vya titani vinaweza kuwekwa na meno yakafungwa juu yake. Asiyemudu atengenezewe meno bandia ya kuvaa na kuvua. Weka nakala ya jibu la kinyama, jina la upasuaji na tarehe yake, na picha ya kila OPG kwenye simu yako na ya ndugu mmoja, ili ukihamia mkoa mwingine daktari mpya awe na kitu cha kulinganisha.